Kabla ya Kumshuku Bi Harusi, Muulize Alioga Mto Gani



Mfunguo mosi umeingia na harusi zinafuatana. Wengi wenu mlinitaka niandike kuhusu mashela na vitambaa vipya vilivyoingia mjini. Hayo nitaandika in shaa Allah, lakini leo nina jambo zito zaidi kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu kichocho.

Najua wengine mmeshacheka. Kichocho? Si ule ugonjwa wa watoto wa kiume wanaoogelea mtoni? Hivyo ndivyo tulivyokua tukiamini. Lakini kichocho kinaingia mpaka chumbani kwa bi harusi. Kinaweza kuvunja posa, kikamtia binti aibu isiyo yake na kikamchelewesha mtu kupata mtoto. Na kwa kuwa kinakaa sehemu za siri, hakisemwi. Kungwi anafundisha mengi, singo na udi na namna ya kukaa na mume, lakini sijapata kumsikia kungwi akimuuliza mwari kuhusu maji anayoyaogea.

Yaliyompata mteja wangu mmoja

Nashona nguo za harusi. Ukimpima binti nguo ya harusi mnakuwa wawili tu chumbani, na mengi husemwa pale. Kuna binti alikuja na mama yake, anatoka kijiji chenye bonde la mpunga. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina na kijiji chake naviacha.

Gauni lake lilikuwa jeupe, tena la kitambaa chepesi. Yeye akaniomba bitana iwe ya rangi nzito. Nikamwambia bitana nyeusi itaonekana chini ya kitambaa cheupe, gauni litaharibika. Akanyamaza. Mama yake alipotoka kwenda kununua vifungo, akaniambia sababu. Alikuwa anatokwa na damu kidogo kidogo ambayo si ya siku zake, na alikuwa akisikia maumivu chini ya kitovu na moto anapokojoa. Aliogopa kuchafua nguo mbele ya watu.

Alikuwa ameshakwenda kituo cha afya mara mbili. Kituo sikitaji. Mara zote mbili hakupimwa kitu, akapewa dawa za maradhi ya zinaa na akaambiwa amlete "mwenzake" naye atibiwe. Mwenzake gani? Binti hajawahi kukutana na mwanamume. Mara ya pili shangazi yake ndiye aliyemsindikiza, akayasikia maneno yale. Aliporudi nyumbani akayafikisha, na mambo yakawa makubwa. Upande wa mume ulikuwa haujajua bado, lakini ilikuwa ni suala la siku tu.

Mimi nimekulia karibu na mto. Kaka zangu walikojoa damu, na skuli tulikuwa tunapangishwa foleni kupewa vidonge. Kwa hiyo swali langu kwake halikuwa kuhusu mwanamume. Nilimuuliza, "Mnafulia wapi kwenu?" Akasema mtoni. "Na kulima?" Bondeni, tangu mdogo, na mama na shangazi. Nikamwambia, mwanangu, nenda hospitali nyingine, na ukifika sema kwa mdomo wako kwamba unataka kupimwa kichocho.

Alikwenda na mama yake. Katika mkojo wake yalikutwa mayai ya kichocho.

Kichocho ni nini hasa

Kichocho ni minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu ya mtu. Wengine hukiita bilhazia, kwa jina la daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliyewagundua minyoo hao Cairo mwaka 1851. Aina iliyopo kwetu Unguja na Pemba hukaa katika mishipa inayozunguka kibofu cha mkojo na viungo vya uzazi. Mnyoo wa kike hutaga mayai kila siku. Mayai mengine hutoka na mkojo, na kwa kuwa yana mwiba, huchana njiani. Ndiyo ile damu. Mengine hayatoki, hubaki yamenasa kwenye nyama ya mwili na kuweka vidonda na makovu.

Mtu mwenye kichocho akikojoa mtoni au karibu na bwawa, mayai huanguliwa. Kinachotoka humtafuta konokono mdogo wa maji matamu na kuingia ndani yake. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa vijiminyoo visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, vinavyoogelea kutafuta ngozi. Ukiingiza mguu majini hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Huhitaji kuwa na kidonda wala huhitaji kunywa maji hayo. Kugusa tu kunatosha.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kushika. La kwanza, kichocho hakipatikani baharini, kwa sababu konokono wake haishi maji ya chumvi. La pili, mtu hamwambukizi mtu moja kwa moja. Mke hampi mume na mume hampi mke, hata kwa tendo la ndoa. Lazima apitie kwa konokono. La tatu, minyoo hawa huishi miaka mingi mwilini, hata zaidi ya kumi. Unaweza kuhamia mjini, ukawa na maji ya mfereji ndani ya nyumba, na bado ukawa na kichocho cha mto uliooga ukiwa darasa la tano.

Kinavyomdhuru mwanamke

Mayai yakinasa kwenye mlango wa kizazi, ukeni au kwenye mirija ya uzazi, huitwa kichocho cha sehemu za siri za mwanamke. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wanacho, wengi wao Afrika. Dalili zake ni hizi: damu isiyo ya hedhi, uchafu ukeni wenye rangi au harufu, kuwashwa, maumivu ya nyonga, maumivu wakati wa tendo la ndoa na damu baada yake. Kikikaa muda mrefu bila dawa kinaweza kuleta ugumba, mimba kutunga nje ya kizazi au mimba kuharibika. Vidonda vile pia humfungulia mlango virusi vya UKIMWI.

Sasa zisome tena dalili hizo ukijifanya wewe ni wifi au mavyaa. Uchafu, kuwashwa, damu. Utafikiri nini? Utafikiri zinaa. Na si wifi peke yake, hata baadhi ya wahudumu wa afya hufikiri hivyo hivyo. Mtoto wa kike wa miaka kumi anaweza kuwa na ugonjwa huu. Bikira anaweza kuwa nao. Ajuza aliyefiwa na mume zamani anaweza kuwa nao pia. Si kipimo cha tabia ya mtu.

Dada zangu, dini yetu imeweka adhabu kali kwa anayemsingizia mwanamke msafi jambo la zinaa bila mashahidi wanne. Surat An-Nur imelieleza hili waziwazi. Halafu sisi, kwa tone la damu kwenye nguo, tunakwisha kumhukumu mtoto wetu wenyewe. Tumuogope Allah. Ukimuona binti ana dalili hizi, mpeleke kupimwa, na umhifadhi kwa siri yake.

Jambo jingine. Kuna wakati mkojo hauna mayai na bado sehemu za siri zina vidonda. Kwa hiyo kipimo kikija safi na dalili zipo, usichoke. Mueleze daktari kwamba umekulia au umelima kwenye maji ya mto au bonde. Maelezo hayo ndiyo yatakayomfanya afikirie kichocho.

Maji twahara na maji salama

Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya. Tumefundishwa chuoni kwamba maji mengi, yaliyofika kulla mbili, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya twahara na ni ya haki. Ukitawadha kwa maji ya bwawa kubwa yasiyobadilika, udhu wako umesihi. Lakini twahara ni jambo moja na usalama wa mwili ni jambo jingine. Vijiminyoo vya kichocho havibadilishi rangi wala harufu. Kwa kweli konokono wao hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na maua ya maji, yale unayoyaona ukasema "mashaa Allah, maji masafi haya."

Fikiria mtu anayeingia mtoni kutawadha Adhuhuri. Vijiminyoo vya kichocho cha binadamu hutoka kwa konokono jua linapopanda, zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Saa hizo ndizo za kutawadha Adhuhuri. Ndizo pia saa za kufua, kwa sababu jua ni kali na nguo zinakauka.

Hili halina haja ya kututia wasiwasi katika ibada, kwa sababu dawa yake ni nyepesi. Vijiminyoo hivyo, visipompata mtu, hufa ndani ya siku mbili. Chota maji ukiwa ukingoni bila kuingia, yachuje kwa kitambaa ili asiingie konokono, yafunike kwenye ndoo au pipa, yaache siku mbili kamili. Baada ya hapo yanafaa kuoga, kutawadha na kustanji bila hofu ya kichocho. Ukiyahitaji leo leo, yachemshe kisha yapoe. Ya kunywa yachemshe kwa hali yoyote, kwani kuna wadudu wengine wanaoletwa na kinyesi cha watu na cha mifugo, kama vile vijidudu vya kuhara, ambavyo kungoja siku mbili hakuviui.

Na sisi Waislamu tulishapewa kinga karne nyingi kabla hajaja daktari. Mtume wetu (SAW) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ametuonya tusijisaidie kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli. Mtoto asiyekojoa mtoni amekata mnyororo wa kichocho, kwa sababu yai lisipofika majini halimfikii konokono. Mwalimu wa chuo anayewasomesha watoto mlango wa twahara anafanya kazi ya kinga ya maradhi bila ya kuitwa mtu wa afya. Mama, nawe mfundishe mwanao. Usiseme tu "usikojoe hapo, haramu." Mueleze na sababu, atakumbuka.

Na ng'ombe naye yumo

Hili wengi hawalijui. Ng'ombe ana kichocho chake. Mnyoo wake ni ndugu wa mnyoo wetu, ila mayai yake hutoka kwenye kinyesi badala ya mkojo. Na konokono mmoja, wa aina ile ile, anaweza kubeba kichocho cha mtu na kichocho cha ng'ombe. Mwaka 2016 huko Pemba konokono walikutwa na vijiminyoo vya kichocho cha ng'ombe, mahali ambapo ugonjwa huo ulikuwa haujulikani kuwepo.

Utauliza, kinatuhusu nini sisi? Kwanza, konokono aliyebeba ugonjwa ukimtazama hutambui ni wa mtu au wa ng'ombe. Hata kwa darubini ni vigumu, mpaka wapime vinasaba. Kwa hiyo watu wa afya wanaweza kuona bwawa lina ugonjwa wasijue watibu watoto au watibu mifugo.

Pili, ndugu hawa wawili wanaweza kuchanganya damu. Kuna kisiwa kingine, Corsica cha Ufaransa, ambacho hakikujulikana kuwa na kichocho cha watu cha kienyeji. Mwaka 2013 watu walioogelea katika mto mmoja wa huko, unaoitwa Cavu, wakaanza kukojoa damu. Walipochunguzwa, minyoo yao ilikuwa mchanganyiko wa kichocho cha mtu na cha ng'ombe, na asili yake ilirudi Afrika Magharibi, ambako mchanganyiko huo umeonekana pia. Inaaminika aliyekuwa na ugonjwa alikojoa mtoni, na konokono walikuwapo. Tazameni, Ulaya yenye hospitali zote, kisiwa kama chetu, kikaingia kichocho kwa mkojo tu.

Na sisi visiwani ng'ombe na mtu tunatumia bonde moja. Ng'ombe anakunywa juu, mama anafua katikati, watoto wanaogelea chini. Basi mwenye ng'ombe afanye nini? Achote maji amnyweshe ng'ombe kwenye beseni au birika la saruji, mbali na mto. Asimfunge kwenye ukingo wa bwawa. Mbolea airundike mbali na maji, aipeleke migombani. Na mnyama akikonda, akiharisha bila sababu, amuite daktari wa mifugo. Hayo ndiyo wanayoyaita Afya Moja, yaani afya ya mtu, ya mnyama na ya mazingira kuangaliwa pamoja.

Wengi mmewahi kuona pia, siku ya kuchinja Idd au harusi, ini la ng'ombe lina minyoo bapa kama majani. Huo si mnyoo wa kichocho, lakini naye hupitia kwa konokono wa majini. Mtu humpata kwa kula mbichi mimea iliyoota majini au kwa kunywa maji yake, si kwa kula ini lililopikwa. Ini lenye minyoo mwachie mkaguzi wa nyama aamue.

Tulikotoka na tulipo

Tusikate tamaa, alhamdulillah tumetoka mbali. Miaka ya 1980 katika skuli nyingi za Pemba zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na kichocho. Kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida. Vidonge vikaanza kugawiwa maskulini. Mwaka 2000 ikafunguliwa maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, ambayo imefanya kazi kubwa katika ugonjwa huu. Kuanzia mwaka 2012 Serikali na washirika wake walikwenda mbali zaidi Unguja na Pemba. Watu wote, si watoto peke yao, walipewa vidonge mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia zilimwagwa dawa za kuua konokono. Katika nyingine watoto walisomeshwa, walimu wa skuli na wa madrasa wakashirikishwa, na zikajengwa sehemu za kufulia na za kukojolea ili watu wasiingie mtoni.

Ugonjwa umeshuka sana. Lakini haukuisha. Umebaki katika baadhi ya maeneo, na mvua kubwa ikija, mabwawa yakajaa, unarudi. Vidonge huua minyoo wakubwa lakini haviwaui vizuri wale wachanga waliongia karibuni, na havizuii kuambukizwa tena kesho. Ukimeza leo na kesho ukaingia bonde lile lile, umerudi nyumba ya kwanza.

Nami naona pengo letu ni wanawake. Mtoto yuko skuli, kidonge kinamfuata. Msichana aliyemaliza skuli akabaki bondeni na mpunga, nani anamfuata? Wagawaji wakibisha hodi mwanamke anasema "mpeni mtoto, mimi sina kitu." Hapana, dada. Wewe ndiye unayesimama majini kutwa.

Kwa bi harusi na familia yake

Haya ndiyo ninayowaambia mabinti wanaokuja kwangu kupima nguo:

1. Mnapokwenda kupima afya kabla ya ndoa, ongezeni kichocho ikiwa mmoja wenu amekulia au ameishi penye mto, bwawa au bonde. Nyote wawili. Mwanamume naye hudhurika viungo vyake vya uzazi, na anaweza kuona damu kwenye manii.

2. Mkojo wa kupima ni bora uutoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na utoe mpaka matone ya mwisho, kwa sababu huko ndiko mayai yalipo kwa wingi. Usiutoe ukiwa kwenye hedhi, damu itawachanganya.

3. Kipimo cha mkojo hakihitaji kuvuliwa nguo. Ikibidi kuangaliwa ndani, mwambie daktari kama hujaolewa, na una haki ya kuomba daktari mwanamke.

4. Dawa ni vidonge vya prazikwanteli, hupimwa kwa uzito au kimo chako. Kula chakula kwanza, vitakupunguzia kichefuchefu. Unaweza kusikia kizunguzungu au tumbo kukata, hupita. Zikija siku za ugawaji ndani ya Ramadhani, muombe mgawaji umeze baada ya futari.

5. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaruhusu dawa hii kuanzia mtoto wa miaka miwili, na mama anayenyonyesha, na mjamzito baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo usijinyime kwa kusikia maneno ya barazani. Muulize mkunga wako.

6. Usingoje wiki ya harusi. Minyoo hufa haraka, lakini vidonda na makovu huchukua muda kupoa, na vingine hubaki. Ukianza mapema, miezi kabla, ni bora zaidi.

7. Wiki ya harusi nguo ni nyingi na kanga za wageni hazihesabiki. Msibebe mafurushi kupeleka mtoni. Chotekeni maji, mfulie nchi kavu kwenye mabeseni. Mpunga ukibidi, vaa mabuti ya mpira. Na ukiingia majini kwa bahati mbaya, jipanguse haraka kwa kitambaa kikavu, ingawa hiyo si kinga ya kutegemea.

Damu hii na sala

Swali hili huulizwa sana, na bi harusi hulionea haya. Damu inayotoka nje ya siku za hedhi na nifasi ni istihadha. Haizuii sala, haizuii kufunga. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwanamke hujisafisha, hujifunga kitambaa au pedi, na hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha husali. Damu ikitoka kwenye njia ya mkojo, yaani kukojoa damu, hukumu yake ni kama mkojo, unastanji na unatawadha. Ukishindwa kupambanua ni hedhi au siyo, hesabu ada yako ya kila mwezi, kisha muulize ustadhati unayemwamini. Nasema hili kwa sababu yule mteja wangu alikuwa ameacha sala siku nyingi akidhani hana twahara. Ugonjwa ulimnyima afya, na kutojua kukamnyima sala.

Yule binti aliishia vipi

Mtaniuliza. Alipewa vidonge, akaambiwa arudi kuangaliwa na kumeza tena. Damu ilipungua kisha ikakatika. Maumivu hayakwisha yote mara moja, na daktari alimwambia ukweli kwamba makovu mengine huchukua muda. Mama alikwenda na karatasi ya hospitali mpaka kwa shangazi, akaisoma mbele ya wanawake wa nyumba nzima. Shangazi hakuomba radhi, si kila mtu ana moyo huo. Lakini wiki iliyofuata alikwenda kupima, kwa sababu naye analima bonde lile lile. Akakutwa nacho.

Nguo nilimshonea nyeupe, bitana nyeupe.

Dada zangu, kila mmoja wetu ana mtu wa kumfikishia haya. Kungwi, ingiza swali la maji katika mafunzo yako. Mavyaa, mpe mkweo dhana njema. Mama, siku ya ugawaji wa vidonge meza na wewe. Na kama shehia yenu watu bado wanafulia mtoni kwa kukosa mfereji, wanawake tuungane twende kwa sheha, tuombe maji na sehemu ya kufulia. Kuchimba kisima au kuwaletea watu maji ni sadaka inayoendelea hata baada ya kufa, tusiwaachie wanaume peke yao thawabu hii.

Allah atuponyeshee wagonjwa wetu, awasitiri mabinti zetu, azibariki ndoa zao na awaruzuku watoto wema. Aamin.

Wassalaam alaykum.